Kaka Yake Vitore

Husemwa wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Aliyesema hivyo hakumjua Vitore. Vitore aliushiriki wivu miaka zaidi ya hamsini na hakukonda. Alinenepa, akazaa watoto saba, akabeba kuni za mlima mzima mgongoni, na asubuhi moja ya Oktoba alikuwa amesimama kwenye korido ya hospitali ya mjini na kikapu cha jibini na mkate wa mahindi, anatamani kumzaba nesi kibao.

Nesi mwenyewe hakuwa amemkosea mtu. Alikuwa ameuliza swali tu, tena kwa adabu.

Aliitwa Ermira, mwanamke wa makamo, mnene, miwani imefungwa kamba shingoni. Mkononi alikuwa na cheti, na cheti kilisema mgonjwa ni mwanamke, jina Mrika. Kwenye kiti mbele yake aliketi mtu wa miaka sabini na ushei, nywele fupi nyeupe, kofia nyeupe ya sufu, kizibao, suruali nyeusi iliyopigwa pasi, na sigara isiyowashwa nyuma ya sikio. Korido ilijaa watu. Nesi mwingine angepaza sauti, "Mrika! Mrika ni nani?" na kila shingo ingegeuka. Ermira alivuta kiti, akaketi karibu, akasema polepole:

"Mzee wangu, ungependa tukuite nani hapa?"

"Ndue."

"Haya, Mzee Ndue. Mimi Ermira. Mtu yeyote humu ndani akikuita vingine, niambie. Nitakula naye sahani moja."

Ndue akacheka, meno ya tumbaku yote nje. Vitore hakucheka. Yeye hajaulizwa swali hilo tangu azaliwe. Mumewe Pashk, Mungu amrehemu, alimwita "ewe mwanamke". Mama mkwe alimwita "bibi arusi". Kijiji kizima kikamwita bibi arusi wa Pashk, mpaka bibi arusi akaota mvi, akang'oka meno, akazika bwana arusi. Leo huyu, kwa kuketi tu kwenye kiti, anaulizwa aitweje!

Haya, niwaeleze habari ya hao wawili, maana bila hiyo wivu wa Vitore utaonekana ni uchawi.

Ndue na Vitore ni tumbo moja. Ndue ndiye mkubwa, na alizaliwa msichana, akaitwa Mrika. Waliomjua utotoni wanasema alikuwa mwanamume tangu anatambaa, limebaki jina tu. Lakini alikuwa ameposwa angali tumboni kwa mama yake, akaposewa Pashk, wa ukoo wa ng'ambo ya mto. Na huko milimani kwetu msichana aliyeposwa hasemi sitaki. Akisema sitaki, ukoo wa mume umetukanwa, na tusi la namna hiyo lilikuwa linaoshwa kwa risasi. Anakufa baba, anakufa mjomba, na waliobaki wanajifungia ndani miaka. Njia ya kutokea ilikuwa moja. Msichana aape mbele ya wazee kwamba hataolewa na yeyote hadi kufa, na tangu hapo awe mwanamume. Mwanamume kweli, wa kurithi nyumba, kubeba bunduki na kukaa barazani na wanaume wenzake. Serikali ya Chama cha Kikomunisti ilizipiga marufuku mila hizo, lakini mila zilikuwa zinaujua mlango wa uani.

Basi Mrika akaapa. Alikatwa nywele kwa mkasi wa kondoo, akavaa suruali ya baba yake, akapewa jina la Ndue. Baba yao, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume, alilia kwa furaha. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Ndue kwa jina lingine wala kumhesabu vingine.

Ila ukoo wa ng'ambo ulikuwa umeshanenepesha kondoo wa harusi. Wazee wakakaa, wakavuta tumbaku, wakakubaliana: mkubwa amekuwa mwanamume, hewala, si yupo mdogo? Vitore alikuwa na miaka kumi na saba, amekwenda kisimani. Aliporudi na maji, ameshaozwa.

Pashk hakuwa mbaya kuliko waume wengine, na hiyo si sifa. Aliyemla Vitore maini hakuwa Pashk. Alikuwa Ndue anapokuja kutembea. Anakuja shemeji, bunduki begani, harufu ya tumbaku. Anapokelewa kwenye chumba cha wanaume, anaketi karibu na moto. Vitore anapiga magoti, anamvua viatu, anamwosha miguu kama ilivyo desturi kwa mgeni. Kisha anasimama pale mlangoni, mikono imefumbatwa kifuani, anangoja wanaume wale. Wanakula, wanakunywa pombe kali ya raki, wanacheka. Wakishiba, yeye na wakwe zake wanakula mabaki jikoni. Na yule anayetafuna paja la kondoo pale motoni alikuwa akilala naye godoro moja utotoni, wakigombania blanketi! Vitore alikuwa akimtazama kinywa mpaka macho yanawaka.

Miaka ikapita. Chama kikaanguka, Pashk akafa, watoto saba wakatawanyika Italia na Ugiriki. Vitore akarudi nyumba ya baba, yaani nyumba ya Ndue, akawa anampikia. Na ni yeye aliyeona damu kwenye nguo za kufua. Ndue alikuwa ameificha tangu wakati wa kuvuna mahindi.

"Nini hii?"

"Bawasiri," Ndue akasema, hata aibu hana.

"Bawasiri nimeugua mimi, naijua. Twende mjini."

Daktari wa mjini akapima, akakunja uso. Uvimbe ulikuwa kwenye kizazi, na haukuwa wa kuchekea. Kizazi lazima kitolewe, na haraka, vinginevyo Ndue haioni theluji ikiyeyuka. Ndue alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Sawa. Lakini mkinilaza wodi ya kina mama, kwenye vilio vya watoto wachanga, mimi ninarudi nyumbani. Nitakufa na suruali yangu."

Hakuwa anatania. Waliomjua Ndue walijua hatanii kwa jambo hilo.

Ermira ndiye aliyehangaika. Alipanda ngazi, akashuka ngazi, akabishana na huyu, akambembeleza yule. Jioni Ndue alikuwa na chumba kidogo mwisho wa wodi ya upasuaji ya wanaume, kitanda kimoja, na daktari wa kina mama ndiye atakayemfuata huko. Kisha Ermira akafunga mlango, akauliza swali la pili.

"Mzee Ndue, ugonjwa wako unataka nani aujue?"

"Wewe, daktari, na dada yangu. Basi."

"Na wageni wakiuliza?"

"Tumbo."

"Basi ni tumbo. Mama Vitore, umesikia? Ni tumbo."

"Nimesikia, mimi si kiziwi," Vitore akajibu.

Siku zilizofuata zilikuwa mateso. Ndue alikuwa anapimwa hiki na kile, anatundikiwa dripu, na Vitore anakaa kitako kwenye begi la nguo, anahesabu heshima anazopewa mwenzake. Ermira anabisha hodi kabla ya kuingia. Hodi! Anataka kumfunua, anasema, "Mzee wangu, sasa nitafunua hapa, niruhusu." Ndue anatazama ukutani, anaruhusu kwa kichwa kama mkuu wa wilaya. Akimaliza anamfunika mpaka kiunoni, anamwekea kofia yake karibu. Vitore alizaa saba, wawili kati yao katika hospitali ya wilaya, na walikuwa wakimfunua kama sufuria.

"Unamdekeza," alimwambia Ermira koridoni.

"Nani, Mzee Ndue?"

"Mzee, mzee! Hebu muulize huyo mzee kama anajua kukanda mkate."

Ermira akavua miwani, akaifuta. "Mama, mume wangu naye hajui kukanda mkate. Nimwite nani, shangazi?"

Wauguzi wengine wakaangua kicheko. Vitore akaondoka amevimba.

Siku ya kuamkia upasuaji wakaja wanaume wa kijijini. Hospitali ilikuwa imeomba ndugu wachangie damu, na ndugu wa Ndue ni baraza zima la wanaume wa kule juu, kwa hiyo walikodi gari wakashuka. Waliingia sita, kofia kifuani, wakimfuata Mzee Lazer, mwenye masharubu, anayesuluhisha ugomvi wa mipaka ya watu pamoja na Ndue tangu Chama kianguke. Wakapeana mikono na mgonjwa mmoja mmoja. Kila mmoja akamtolea Ndue kikopo chake cha tumbaku, Ndue akachota kidogo, akawatolea na yeye chake. Hakuna aliyewasha, ni hospitali, lakini salamu ilikuwa imekamilika.

Ermira akaleta viti. "Mama Vitore, kiti hiki chako, keti."

Vitore hakuketi. Angeketi vipi? Hajawahi kuketi palipo na Lazer. Miguu ilimpeleka yenyewe mpaka mlangoni, mikono ikajifumbata kifuani yenyewe, na alipojikuta amesimama vile, katika hospitali ya mjini, mbele ya kiti kitupu, roho ilimchoma. Hata kiti kipo na hawezi kukikalia!

"Bibi arusi," Lazer akamwambia, kwa upole wake wote, "hebu tufanyie kahawa, bwana Ndue amwone mgeni wake akinywa kitu."

Bibi arusi, miaka sabini na moja, akashuka ngazi kwenye mashine ya kahawa, akapanda na vikombe vya karatasi juu ya kifuniko cha boksi. Alipofika mlangoni alikuta kicheko. Ndue alikuwa ameegemea mito, anasimulia habari za zamani, habari za Pashk alivyopotea kwenye ukungu akamfyatulia risasi punda wake mwenyewe.

"Lakini Pashk alikuwa na bahati," Ndue akamalizia, akifuta machozi ya kucheka. "Katika yote aliyoyakosea, alipata mke. Mke wa namna ile, jamani, ni bahati ya mtu."

"Kweli," wakaitika wanaume. "Bahati kubwa."

Vitore akawagawia vikombe, akarudi mlangoni. Bahati! Bahati iliyokimbiwa na nani? Aliyemkimbia Pashk leo amelala kwenye mito anamsifia Pashk mke!

"Na wewe bwana," Lazer akasema, "hasa hasa kinachokuuma ni nini?"

"Tumbo tu. Tumbo."

"Tumbo la uzazi!" Vitore akasema.

Sauti haikuwa kubwa, lakini chumba kilikuwa kidogo.

"Semeni basi kweli. Mnakunywa kahawa na nani hapa? Mrika anaumwa kizazi. Wanawake ndio wanaumwa hicho. Kesho wanakitoa."

Ulimi hauna mfupa, na wa Vitore ulikuwa umeshafika ulikokuwa unakwenda. Lazer alitazama ndani ya kikombe chake, akanywa kahawa yote kwa funda moja, moto vilevile, akasimama. Akaweka mkono kifuani.

"Upone, bwana Ndue. Uinuke salama."

Wengine wakasema vivyo hivyo, wakapeana naye mikono, wakatoka mmoja mmoja wakimpita Vitore pale mlangoni. Hakuna aliyemtazama. Ndue naye hakumtazama. Alingoja viatu vyao vinyamaze koridoni, akang'oa dripu kwa mkono wake, damu ikamtiririka mpaka kwenye vidole, akavaa suruali, kizibao, kofia. Akachukua mfuko wake wa plastiki, akatoka.

Na Vitore? Hata yeye alishangaa. Ametaka kulisema neno lile tangu ana miaka kumi na saba, na sasa amelisema, na ladha yake ilikuwa kama ya kulamba chuma.

Ermira alikuta kitanda kitupu na dripu inadondoka sakafuni.

"Yuko wapi?"

Vitore akamweleza. Hakupunguza kitu. Ermira akasikiliza, uso ukimbadilika rangi.

"Umefanya nini, mama?"

"Nimesema kweli."

"Kweli nani amekutuma uiseme? Mwili ni wako? Ugonjwa ni wako? Aliwachagua watu watatu duniani, mmoja wewe!"

"Na mimi nani alinichagua?" Vitore akapaza sauti, machozi yakamtoka kwa hasira. "Unamwuliza huyo aitweje, unambishia hodi, unamfunika miguu. Mimi nani aliwahi kunifunika? Au mpaka niote masharubu?"

"Ungekuwa umelazwa wewe ningekufunika wewe!" Ermira naye akapandisha. "Lakini aliyelazwa ni kaka yako, na kesho asipokatwa, atakufa. Umeelewa? Kufa. Mtoe hasira zenu mkiwa wazima." Akakimbilia simu ya ofisini kumtafuta daktari.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Vitore alishuka ngazi akishika ukuta. Kwanza aliwaza damu. Wanaume wameondoka, nani atachangia? Ndue hata akirudi atakatwa na damu ya nani? Akatazama nje, akaliona gari lao bado limeegeshwa, na ng'ambo ya barabara mgahawa wa kahawa. Mwanamke wa milimani wa umri wake haingii mgahawa wa wanaume. Liwalo na liwe, akaingia.

Wote sita walikuwepo, mikono ya mashati imekunjwa, pamba imebandikwa kwenye viwiko, wanakunywa maji ya machungwa kama watoto wa shule.

"Mmetoa," Vitore akasema.

"Tumetoa," Lazer akasema. "Si ndicho tulichokuja kufanya?"

"Mzee Lazer. Lile nililolisema kule juu..."

"Lipi?"

"Mbele yenu. Kuhusu Nd... kuhusu ugonjwa."

"Mimi masikio yangu mabovu. Hawa nao walikuwa wanapiga soga." Lazer akawageukia. "Kuna mtu amesikia kitu?"

"Hatukusikia," wakasema.

"Nilisema kwamba..."

"Mama." Lazer aliweka gilasi mezani. "Hatukusikia. Na tukishuka kaburini tutakuwa hatujasikia. Nenda kamwangalie bwana Ndue, tumemwona kwenye benchi pale getini, na upepo ni mbaya."

Mtu mwingine angeshukuru. Vitore alishukuru pia, kwa upande mmoja wa moyo. Upande wa pili ulichemka palepale. Loo! Kwa Ndue wanaume sita wanageuka viziwi kwa hiari yao. Yeye, akikohoa tu jikoni, kijiji kizima kilikuwa kinasikia na kuuliza amekula nini.

Ndue alikuwa kwenye benchi la kungojea magari ya mlimani, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, mfuko wa plastiki magotini. Uso ulikuwa umepauka. Vitore akaketi kando yake.

"Utafia njiani."

"Nitafia njiani nikiwa mwanamume."

"Wale hawakuondoka. Wametoa damu. Wanasema hawakusikia kitu."

Ndue akafumba macho kidogo. "Ni watu wazuri," akasema. "Lakini mimi nilisikia." Kisha akauliza, bila kugeuka: "Kwa nini, Vitore? Adui angefanya ningeelewa."

"Wivu."

Alilisema hivyo hivyo, kavu, na likamfungulia mengine. "Nimekuonea wivu tangu ulipovaa suruali ya baba. Ulikaa, nikasimama. Ulikula, nikangoja mabaki. Uliposema, watu wakanyamaza. Na leo hata ugonjwa wako una mlango wake na una watu wa kuubishia hodi. Nimekuonea kijicho mpaka kwenye dripu."

"Najua."

"Unajua nini wewe?"

"Kila ulipotumiminia raki, kikombe cha Pashk kilikuwa kinafurika, changu nusu. Miaka yote ile, nusu. Sikuwahi kunywa kikombe kizima nyumbani kwako." Ndue akatabasamu kidogo. "Nilikuwa nikisema moyoni, haki yake."

Vitore alitaka kucheka, akakasirika kwa kutaka kucheka.

"Kuna lingine," Ndue akasema, na tabasamu likaondoka. "Uliambiwa kwamba wazee walikuamulia wewe baada ya mimi kuapa. Sivyo. Baba aliniambia kabla. Aliniambia, ukikataa wewe, anakwenda mdogo wako. Nililala macho, nikakusikia unakoroma pembeni yangu. Ningeolewa ningejiua, Vitore, hilo nalijua kama ninavyoujua mkono wangu. Lakini nilijua ni nani atakayekwenda. Na kulipokucha nikaapa."

Magari yalipita. Gari la mlimani likaja, likafungua mlango, dereva akawatazama wazee wawili wasiosogea, akaenda kununua sigara. Miaka yote hiyo Vitore alikuwa akiwalaani wazee, na tumbaku yao, na kisima kilichomchelewesha. Kumbe aliyemtoa alikuwa amelala ubavuni mwake, anamsikiliza akikoroma. Alimtazama huyu mtu na kofia yake, akatamani kumsukuma barabarani.

"Kwa hiyo niache niende," Ndue akasema, akiinuka kuelekea garini. "Tumeshalipana."

Vitore akamkamata kizibao.

"Hatujalipana! Kaa chini. Kaa!" Alimvuta, kifungo kikaruka. "Mimi nililala na Pashk. Mimi nimewazaa wale saba. Nilikwenda kwa sababu mkubwa wangu ni mwanamume na hakuna msichana mwingine ndani ya nyumba. Ndivyo nilivyoambiwa, na kwa hilo nikaenda. Sasa wewe ufe barabarani kwa sababu bibi mmoja mwenye gere amekuita mwanamke? Basi hukuwa mwanamume! Na kama wewe hukuwa mwanamume, Ndue, mimi niliolewa bure. Unanisikia? Niliolewa bure! Hilo silikubali. Sili-ku-ba-li."

Alikuwa analia, mkono bado umekamata kizibao, na dereva na sigara yake alikuwa amesimama akitazama.

"Utarudi mle ndani. Utalala kitanda cha wanaume, utakatwa kitanda cha wanaume. Na ukipona nitaendelea kukuonea wivu mpaka unizike."

Ndue akampa mfuko wa plastiki aushike, akaegemea bega lake, na wakarudi taratibu. Ermira aliwakuta kwenye ngazi. Alitazama tu ule mkono wenye damu, akatafuta pamba.

Asubuhi akaja mtu wa kusukuma kitanda, mgeni wodini humo, kutoka chumba cha upasuaji. Alipita vitanda vya wanaume huku anashangaa, akafika chumba cha mwisho, akamkuta Vitore ameketi kwenye kiti mlangoni.

"Samahani, mama. Nimetumwa kumchukua mgonjwa wa daktari wa kina mama, anaitwa Mrika. Naona humu ni wanaume watupu. Ni wewe?"

Ndani, Ndue aligeuza uso kuutazama ukuta. Ermira, aliyekuwa akimwandaa, alikuwa tayari amefungua mdomo, lakini Vitore alimtangulia, akasimama.

"Ndiyo, Mrika aliyeolewa ni mimi," akasema. "Nimezaa saba na sidaiwi. Anayekatwa leo ni kaka yangu, anaitwa Ndue. Bisha hodi kwanza."